Friji la mtumba au friza dogo jipya? Tulinganishe kuanzia soketi mpaka siku ya kulitoa nyumbani

Malipo ya korosho yakishaingia mwishoni mwa mwaka, mafriji huanza kusafiri. Utayaona juu ya Noah na nyuma ya Canter, yamefungwa kamba, yakielekea Tandahimba, Newala, Nanyamba, Mingoyo mpaka Nachingwea. Wifi yangu wa Mikindani naye alipata fungu lake msimu uliopita. Anauza barafu za ubuyu na juisi ya ukwaju mlangoni kwake, na friji lake la zamani lilikufa siku nyingi. Limesimama uani, limegeuzwa kabati la sufuria.

Dalali alimwonyesha friji la mtumba la milango miwili, refu kumpita mwenyewe, linang'aa. Dukani, kwa bei inayokaribiana na hiyo, aliliona friza dogo jipya la kufunguka kwa juu, lita 100 hivi. Akanipigia simu: "Wifi, nichukue lipi?"

Nikamwambia asilipe kwanza. Nina sababu yangu. Miaka ya nyuma, kwenye nyumba tuliyopanga Lindi mjini, nilishika mlango wa friji nikiwa peku, sakafu imetoka kupigwa deki. Mkono uliganda pale pale, siwezi kuuachia, na sauti haitoki. Aliyeniokoa ni jirani aliyekimbilia mein swichi badala ya kunivuta mkono. Angenivuta, tungekwenda wote wawili. Tangu siku ile siliangalii friji kwa urefu wake na bei yake tu. Naangalia litachukua umeme kwa njia gani, na siku likifa litatoka vipi nyumbani kwangu.

Hivyo ndivyo tulivyoyalinganisha mawili yale, mimi na wifi, na njiani tukalikuta la tatu: lile bovu la uani.

Anza na kibandiko

Kila friji lina kibandiko au bati dogo lenye maandishi, ama ndani ubavuni karibu na droo ya mboga, ama nyuma karibu na kompresa, ile mota nyeusi ya chini. Kama muuzaji amekibandua, ondoka. Soma volti, soma hezi, soma aina ya gesi na gramu zake.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ukikuta 220–240V, 50Hz, hapo pazuri. Vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Japani huandikwa 100V, vya Marekani 115V au 120V na 60Hz. La namna hiyo ukilichomeka moja kwa moja linaungua. Muuzaji atakwambia, "Mama, weka transfoma tu." Mimi sikubaliani naye. Transfoma ya kubeba friji ni kubwa, inakula umeme hata friji likiwa limetulia, inapata moto, na siku mtoto au mgeni akiichomoa plagi na kuipeleka ukutani, kwisha habari yake. Isitoshe, mota ya hezi 60 ikiendeshwa kwa hezi 50 hupata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Friji la dalali lilikuwa la 220–240V, 50Hz, gesi R134a gramu 150. Friza la dukani, volti hizo hizo, gesi R600a gramu 45. Kwa volti yamelingana. Tofauti zinaanza kwenye plagi.

Kijiti kwenye tundu la juu

Lile la mtumba lilitoka Ulaya bara, plagi yake ina pini mbili za duara. Arthi yake, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, haiko kwenye pini. Iko kwenye vibati viwili vya ubavuni, ambavyo soketi zetu za matundu ya mraba haziwezi kuvigusa. Wote tunajua kinachofanyika hapo: unatafuta kijiti, au mfuniko wa peni, unakisukuma kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, kisha unazishindilia pini mbili. Friji linawaka. Lakini tundu la juu ndilo la arthi, na sasa friji lako linafanya kazi bila arthi kabisa. Hivyo ndivyo lilivyokuwa lile lililonishika Lindi.

Adapta za bei ndogo za sokoni nyingi hazina msaada. Ukiifungua utakuta pini ya tatu ni plastiki tupu au chuma kisichounganishwa na kitu. Dawa ni kuikata plagi ile na kufunga ya pini tatu: waya wa kahawia kulia upande wa fyuzi, wa bluu kushoto, wa kijani na njano juu. Ni kazi ya fundi ya dakika chache. Ukishaikata ile plagi ya zamani, usiitupe chini na kipande cha waya. Mtoto ataiokota, ataichomeka, na waya zilizo wazi ziko mkononi mwake.

Friza la dukani lilikuja na plagi ya pini tatu, fyuzi ya ampea 13. Kwenye jambo hili limeshinda, japo ni ushindi ambao mtumba unaweza kuufuta kwa plagi moja ya dukani.

Waya wa tatu ndio ninaoupigania

Friji ni sanduku la bati lenye mota ndani. Linatoa maji, linakaa jikoni, linashikwa na watoto waliotoka kuoga. Waya wa moto ukichubuka na kugusa bati, bati lote linakuwa na umeme. Arthi ikiwa hai, umeme unapata njia ya kwenda ardhini. Isipokuwepo, njia ni wewe.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalipigii hesabu. Nyumba zetu nyingi arthi yake ni nondo ya shaba iliyopigiliwa nje, pembeni ya ukuta. Kwenye mchanga mkavu wa pwani, au juu kule kwenye uwanda wa Makonde ambako ardhi inakauka na maji yako mbali chini, nondo hiyo haipitishi umeme vizuri. Tuseme upinzani wake ni omu 50. Volti 230 ukigawa kwa 50 unapata ampea 4.6. Fyuzi ya plagi ni ampea 13, kwa hiyo haikatiki. Friji litaendelea kugandisha kana kwamba hakuna kitu, huku bati lake likimngoja mtu wa kwanza mwenye miguu mibichi.

Kinachookoa hapo ni kile kikata umeme kinachohisi mvujo, mafundi wanakiita RCD. Hakisubiri ampea 13. Cha kulinda watu hukata kwa miliampea 30, yaani ampea 0.03, na hukata haraka kuliko moyo unavyowahi kuvurugika. Kina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Kisipokata, mwite fundi siku hiyo hiyo. Na mimi nasema wazi: kama una pesa ya friji lakini ubao wako wa umeme hauna RCD, punguza ukubwa wa friji, nunua RCD kwanza. Fundi wa kuifunga awe na leseni ya EWURA, na si kumvunjia heshima kumwambia, "Shikamoo fundi, naomba niione leseni."

Nondo nayo iwekwe mahali penye unyevu, kwa mfano karibu na maji ya bafuni yanapotokea. Kwenye nyumba ya wifi ilikuwa imepigiliwa chini ya upenu upande wa jua, na kipande chake cha juu kilikuwa kimelegea, unakichezesha kwa kidole. Hata angenunua friji la dhahabu, hapo pangemponza.

Ukutani, ekstensheni, au chini ya stabilaiza?

Ukutani, peke yake, kwenye soketi isiyocheza. Hilo ndilo jibu, na nalielewa linavyowasumbua wapangaji wa chumba kimoja chenye soketi moja nyuma ya kitanda. Kompresa inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Kwenye ekstensheni nyembamba, mvuto huo unashusha volti, mota inaguna, "nguuu", halafu inakatika "tiki", inajaribu tena. Ukisikia hivyo usidhani gesi imekwisha. Chunguza waya kwanza. Huku waya wenyewe unapata moto, na mara nyingi uko chini ya zulia au umeviringwa nyuma ya friji pasipo na hewa. Ikibidi kabisa, iwe ekstensheni ya waya tatu, nene, fupi, imenyooshwa yote, na isibebe kitu kingine. Pasi na friji wasikutane hapo.

Kuhusu vifaa vya kulinda, watu wanachanganya viwili. Friji gadi hairekebishi umeme. Inautazama tu: ukiwa mdogo sana au mkubwa sana inakata, na ukirudi inasubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu upite. Ule muda wa kusubiri ndio thamani yake, kwa sababu kompresa iliyozimika ghafla bado ina mgandamizo ndani, na ukiilazimisha kuwaka papo hapo inang'ang'ana na kuungua. Bila gadi, umeme ukikatika chomoa plagi, ukirudi hesabu dakika tano ndipo uchomeke.

Stabilaiza yenyewe inapandisha au inashusha volti. Ni ghali zaidi, na ndogo haitoshi: friji la wati 150 linahitaji stabilaiza ya VA 1000 hivi kwa sababu ya ule mvuto wa kuwaka. Uchaguzi wako utegemee unapokaa. Chikongola, Shangani, Ligula, mitaa ya Mtwara mjini, mahali ambapo umeme unakatika na kurudi lakini ukiwepo uko sawa, gadi inatosha. Kijijini mwisho wa laini, ambako jioni taa zinafifia kila mtu akipika na kuangalia taarifa ya habari, pima kwa multimita, kile kipima umeme cha mafundi, saa moja au saa mbili usiku. Ukikuta chini ya volti 190 hivi, gadi itakata kila siku na samaki wako watayeyuka. Hapo ni stabilaiza, tena yenye kuchelewesha.

Kwa Mikindani wifi alihitaji gadi tu. Friji kubwa au friza dogo, gadi ni ile ile.

Uniti 75

Hapa ndipo mtumba ulipoanza kuanguka. Wifi yuko kwenye kundi la matumizi madogo la LUKU, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi. Uniti zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu, na ukiendelea kuzidi unahamishiwa kundi la kawaida, ambako uniti moja ni karibu mara tatu ya bei aliyoizoea. Kabla ya friji alikuwa anatumia uniti 40 hivi.

Friza dogo jipya, kwa joto la huku na kufunguliwa mara kwa mara, linaweza kula uniti 0.6 hadi 1 kwa siku. Tuchukue moja: 30 kwa mwezi, jumla 70. Bado yumo. Friji la milango miwili la miaka mingi, raba za mlango zimekakamaa, linaweza kula 1.5 hadi 2.5. Tuchukue mbili: 60 kwa mwezi, jumla 100. Ametoka kwenye kundi, na si friji peke yake linalopanda bei, bali taa, simu na feni vyote vinapanda nalo. Tofauti hiyo ni barafu nyingi sana za ubuyu.

Kuna sababu nyingine ya kulipenda friza la kufunguka juu kwa biashara ya barafu. Hewa baridi ni nzito. Ukifungua mlango wa mbele inamwagika miguuni. Ukifunua kifuniko cha juu inabaki ndani.

Kama tayari una friji na hujui linakula kiasi gani, soma mita saa tatu usiku vitu vyote vingine vikiwa vimezimwa, soma tena saa kumi na moja alfajiri. Zidisha kwa tatu. Mchana joto ni zaidi, kwa hiyo ongeza kidogo.

Gesi: moja inawaka, nyingine inachafua

| | Mtumba, milango miwili | Friza dogo jipya |
|---|---|---|
| Gesi | R134a, gramu 150 | R600a, gramu 45 |
| Plagi | pini mbili za duara, ibadilishwe | pini tatu, fyuzi 13 |
| Uniti kwa siku | 1.5 hadi 2.5 | 0.6 hadi 1 |
| Likiharibika | mafundi wengi wameizoea gesi yake | fundi lazima awe anaijua R600a |
| Siku ya kutoka | gesi inyonywe kwenye mtungi | gesi itolewe nje, mbali na moto |

R600a ni isobutani, ndugu wa gesi ya kupikia. Inawaka. Ndiyo maana nyuma ya friji lake pana pembetatu ya njano yenye alama ya moto. Watu wakisikia hivyo wanaogopa, na nataka kuwatuliza kwa hesabu: kipimo kinachotumika ni mita moja ya ujazo wa chumba kwa kila gramu 8. Gramu 45 zinataka mita za ujazo sita tu. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 2.5 kina zaidi ya 22. Kikubwa ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Kwa hiyo friza hili lisikae pembeni ya jiko la mkaa au jiko la gesi lililowekwa chini, wala kwenye stoo isiyo na dirisha. Na barafu ikishika kuta usiikwangue kwa kisu. Chomoa, funua, subiri iyeyuke. Mafriji mengi yamekufa kwa kisu.

Udhaifu wa kweli wa friza hili uko kwa mafundi. Fundi aliyezoea R134a akiletewa friji la R600a, kuna anayejaribu kulijazia gesi aliyonayo. Halitagandisha vizuri, kwa sababu kompresa za gesi hizi mbili haziko sawa. Mbaya zaidi ni anayewasha moto wa kuchomelea bomba huku isobutani imo ndani. Kabla hujanunua, tafuta kwanza fundi wa eneo lako na umuulize ana mtungi wa R600a na anaifanyaje kazi hiyo. Wifi alimpata kijana aliyesomea VETA ambaye alieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba gesi hutolewa nje kwanza na bomba hukatwa kwa kikata bomba, si kwa moto. Nikaridhika. Kama angekuwa Ruangwa au Liwale na hakuna wa kumwita, ningemwambia afikirie tena. Hapo jipya la R134a lingekuwa na hoja.

Siku ya kutoka

Sasa lile la uani. Tulilifuta vumbi, tukasoma bati lake: R12.

Gesi hizi tatu si sawa hata kidogo zikiachiwa hewani. Kwa kupasha joto dunia, gramu moja ya R12 ni sawa na gramu 10,900 hivi za hewa ukaa. Ya R134a ni 1,430. Ya R600a ni kama 3. Hebu tuyaweke kwa lugha ya boda. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kilo 2.3 hivi za hewa ukaa. Friji la dalali lenye gramu 150 za R134a likikatwa bomba hovyo ni kama umechoma lita 90 za petroli kwa sekunde chache. Friji kongwe lenye gramu 100 za R12 ni zaidi ya lita 470, na juu ya hapo R12 inalitoboa tabaka la ozoni, ndiyo sababu chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 iliondolewa hatua kwa hatua, na nchi zetu zikaacha kuiingiza kufikia 2010. Gramu 45 za R600a hazifiki hata nusu kilo ya hewa ukaa.

Na gesi haimo kwenye mabomba tu. Lile povu gumu la kuta, kwenye mafriji ya zamani, lilivimbishwa kwa R11, ndugu yake R12. Friji la wifi lilikuwa limeshatobolewa kwa kisu zamani, gesi ya bombani haipo tena, lakini povu lipo.

Njia za kulitoa friji bovu mtaani kwetu ni chache, na nitazipanga kwa namna ninavyoziamini.

Ya kwanza ni fundi wa mafriji mwenye mashine ya kunyonya gesi na mtungi wa kuihifadhia. Anaitoa gesi, anaondoa kompresa pamoja na mafuta yake bila kuyamwaga, anachukua na vipuri vinavyofaa: kidhibiti joto, raba, feni. Wengi hawana mashine hiyo. Uliza kabla hajagusa bomba. Ukisikia "tunaikata tu inajitoa yenyewe", kwa R134a na R12 mkatalie. Kwa R600a, hutolewa kwa mpira uliopelekwa nje penye upepo, hakuna sigara, hakuna jiko, hakuna swichi inayobonyezwa jirani.

Ya pili ni kwenda kwa afisa mazingira wa halmashauri yako, Manispaa ya Mtwara-Mikindani au Lindi, umuulize nani anaruhusiwa kukusanya taka za umeme. Tanzania ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki tangu 2021, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, na NEMC, chombo cha taifa cha mazingira, ndiyo inayosimamia. Anayekuja kuchukua aonyeshe kibali chake.

Muuza chuma chakavu mwenye mkokoteni ni njia ya watu wengi kwa sababu analipa papo hapo. Simlaumu, anatafuta riziki. Lakini ukimpa friji zima, atakata bomba kwa koleo, atamwaga mafuta mchangani, na povu atalichoma ili apate bati safi. Moshi wa povu lile una monoksidi ya kaboni na sianidi, na anayeuvuta kwanza ni yeye na watoto wanaosimama kutazama. Mpe bati na kompresa baada ya fundi kumaliza kazi, naye apate chake salama.

Kabati la uani ni njia isiyo na madhara kwa hewa, ila ndiyo iliyonikosesha usingizi. Watoto wa mtaa ule wanacheza kombolela pale uani kila jioni. Friji ni maficho mazuri kuliko yote: giza, dogo, hakuna anayefikiria kulifungua. Mlango ukifunga, raba haipitishi hewa, kuta za povu hazipitishi sauti. Ya zamani yenye komeo la chuma hayafunguki kabisa kutoka ndani. Marekani ilitunga sheria mwaka 1956 kulazimisha milango ifunguke kwa ndani baada ya watoto wengi kufa hivyo. Yenye sumaku yanafunguka kwa kusukuma, lakini mtoto aliyeogopa, aliyejikunja gizani, nguvu anaitoa wapi?

Kwa hiyo kabla ya fundi, kabla ya manispaa, kabla ya lolote: toa mlango. Kata waya wa umeme kwa usawa wa bati na uichukue plagi. Toa na droo za ndani, kwa sababu mvua za masika zikija zitajaa maji, na mbu watakushukuru.

Wifi alichukua friza. Fundi wa umeme alihamisha nondo karibu na bafu na kufunga RCD, na pesa iliyobaki ikatosha gadi. Mlango wa friji la zamani tuliutoa sisi wawili kwa bisibisi, bawaba mbili, watoto wamezunguka wanauliza kwa nini tunaliharibu kabati. Tuliwaambia sababu bila kuwaficha. Friza jipya nalo lina kifuniko kinachofungwa kwa ufunguo, na mtoto mdogo anaenea ndani yake vizuri kabisa. Usiku linafungwa, mchana wifi yuko mbele yake, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari juu ya mlango wa chumbani, mahali ambapo mimi naufikia kwa kupanda kigoda.